Mama Alisema Nusu

Tarehe 2 Novemba, Chamwino

Daftari hili nimelinunua duka la mbele, la vifaa vya shule. Ofisi yetu iko nyuma ya duka hilo, na mwenye duka hunikunjia uso kila nikipita bila kununua kitu. Basi nimenunua, ameridhika, na mimi nimepata pa kusemea.

Ofisi ina meza mbili, kompyuta tatu, feni inayozunguka ikijisikia, na kalenda ya mwaka juzi. Tuko watatu. Kaka yangu Methusela ndiye mkurugenzi, maana ndiye mwenye mdomo na suti. Rukia ni fundi wa programu. Tulisoma naye chuo hapa Dodoma, kwao ni Kolo, Kondoa, na ana ugonjwa wa kukagua kitu mara nne hata kama kilikuwa sawa mara ya kwanza. Mimi Anitha nafanya kila kinachobaki: naandika maneno, narekodi sauti, nabonyeza.

Biashara yenyewe haina ugumu kuieleza. Kwetu Haneti watu wengi hawana habari na ujumbe wa maandishi, lakini simu ikiita wanapokea. Tumefunga vipimo vya mvua kwenye mashamba matatu. Mvua ikitosha, kompyuta yetu inawapigia wakulima wote kwa pamoja, na sauti inawaambia kwa Kigogo wapande au wasubiri. Wamejiandikisha mia sita na arobaini. Methusela ameuita mradi Sauti ya Mvua. Wapo wafadhili wanaotaka kuuona ukifanya kazi kabla ya kuamua kama watatubeba kwa miaka miwili. Wakitukataa, mimi narudi Haneti kupalilia, na sikusoma miaka yote ile ili nipalilie.

Tarehe 4 Novemba

Joto. Umeme umekatika tangu saa nne asubuhi. Rukia akatoa orodha ya namba aliyoichapa jana na kuikagua kwa kalamu, moja moja. Nilimwambia atafute mume apunguze muda wa kukagua. Alicheka kidogo, kwa adabu.

Tarehe 7 Novemba, Haneti

Leo tumerekodi sauti ya mama.

Wazo lilikuwa langu na najivunia. Mtangazaji wa redio angewaambia watu wa Haneti wapande, wangemsikiliza na kuendelea na pombe yao. Lakini mama ndiye ambaye wanawake wa kijiji kizima humletea masuke kila mavuno awachagulie ya kuwa mbegu. Hutazama suke, huliminya kwa kidole gumba, husema hili ndiyo, hili kaleni. Hakuna anayebisha. Mama Methusela akisema, imesemwa.

Tulirekodi jikoni kwa sababu ndimo mna utulivu. Juu ya vichwa vyetu yalikuwa yanang'inia masuke yake ya uwele, meusi kwa moshi. Nilimsomea maneno niliyoandika, yanayoanza na salamu yetu ya Kigogo: Mbukwenyi, mimi ni Mama Methusela, mvua imetosha, panda shamba lako lote leo, usingoje.

"Lote?" akauliza. "Nani anapanda lote?"

"Mama, ni ujumbe tu."

"Hapana. Unapanda nusu. Nusu nyingine inabaki hapa juu ya meko mpaka ya shambani ifike magotini. Mwaka niliomzaa kaka yako tulipanda mara tatu. Aliyepanda lote mara ya kwanza alikwenda kuomba."

"Watu wanajua hayo, mama. Si lazima tuyaseme."

"Wanajua. Lakini nikiwaambia mimi wapande lote, watapanda lote."

Nikamwomba asome yangu mara moja, nijaribu mitambo. Akasoma kuniridhisha, kwa ile sauti yake ya kuanzishia nyimbo kanisani. Halafu akasema yake, na habari ya nusu na ya meko. Yangu ilitoka sekunde thelathini na moja. Yake hamsini na nane.

"Tumieni huo wangu," akasema akinifungia kuku wa kwenda naye.

"Sawa, mama," nikasema.

Tarehe 11 Novemba

Nimeweka ule mfupi. Methusela anasema hakuna binadamu anayesikiliza simu ya kurekodiwa kwa dakika nzima, na safari hii nakubaliana naye. Rukia akageuka kwenye kiti. "Mama alisema nusu," akasema. Nikamwambia mama si mwajiri wetu. Akarudi kwenye kompyuta yake, na mimi nikaona nimeshinda.

Tarehe 19 Novemba

Mawingu. Yamekuja, yamekaa, yameondoka.

Tarehe 23 Novemba

Imenyesha Haneti! Milimita kumi na mbili, vipimo vyote vitatu. Methusela akacheza katikati ya ofisi na suti yake. Rukia akasema bado. Kanuni yake ni mvua mbili ndani ya siku kumi, kila moja isipungue milimita ishirini. "Hii imelowesha vumbi tu," akasema. Watu wa Kolo wana milima na mito ya kwao, wanaona mvua yetu kama mate. Nilimwambia hivyo, kwa sauti, na Methusela akacheka.

Tarehe 25 Novemba

Wafadhili wamepiga simu. Wanakuja Haneti keshokutwa. Wanataka kusimama kati ya wakulima na kusikia simu zikiita.

Rukia akasema tuwatumie ujumbe wa kusubiri, ndio ukweli. Methusela akamtazama kama mtu aliyetema chakula. "Wageni watoke Dar es Salaam waje kusikia watu wakiambiwa wakae nyumbani?" Akanigeukia. "Anitha, wewe unaonaje?" Kaka yangu haniulizi naonaje ila anapotaka mtu wa kubeba mzigo. Nilijua hilo. Nikasema tutaona.

Tarehe 27 Novemba, usiku umeingia, naandika haraka

Nitaandika yote kama yalivyokuwa kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Tulifika Haneti saa tatu asubuhi. Methusela alikuwa amewakusanya watu kama hamsini uwanja wa shule. Wageni walikuwa watatu, wamevaa kofia, wanatabasamia kila kitu, hata mbuzi. Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha Pasaka na kuketishwa mbele. Wageni walipoambiwa ndiye mwenye sauti, mmoja alimshika mikono yote miwili.

Anga lilikuwa jeupe. Hakuna wingu hata la kufutia jasho. Ardhi ile iliyolowa tarehe ishirini na tatu ilikuwa imeshafunga ganda.

Rukia alikaa nami kwenye gari, kompyuta magotini. Skrini ilikuwa na vitufe viwili: panda, subiri. Akaniambia polepole, "Anitha, tuwapigie hawa hamsini tu waliopo, halafu tuwaambie ana kwa ana kwamba ni majaribio." Lilikuwa wazo zuri. Lilikuwa wazo zuri sana na nililichukia kwa sababu halikuwa langu. Methusela akaja dirishani, jasho linamtiririka kwenye kola. "Vipi? Wanangoja. Wanataka waone orodha nzima ikiita, mia sita na arobaini, wameuliza hasa namba hiyo."

Rukia akaondoa mikono kwenye kompyuta. "Mimi sibonyezi."

"Basi bonyeza wewe," Methusela akaniambia, akarudi kwa wageni.

Nikabonyeza. Panda. Wote. Nilitumia jina langu na nywila yangu.

Simu zikaanza kuita uwanja mzima. Watu wakaziweka masikioni, wakasikia Mama Methusela akiwaambia kwa Kigogo wapande shamba lote leo, na Mama Methusela mwenyewe ameketi pale mbele yao. Wageni walipiga makofi. Mmoja alifuta machozi. Mzee Batholomeo, jirani yetu, hakungoja hata soda. Aliinua baiskeli yake na kuondoka kwenda kutoa mbegu.

Simu ya mama iliita pia, maana tulimwandikisha wa kwanza kabisa, namba moja. Akaisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaishusha na kunitazama mimi, nikiwa mlangoni mwa gari. Angesimama pale aseme huu si ule wangu, tungekwisha siku hiyohiyo. Badala yake alikunja mikono juu ya kitenge chake na kuwaachia wageni wampige picha.

Tarehe 28 Novemba

Mama amepiga. Tangu alfajiri anazunguka nyumba kwa nyumba kuwaambia waache nusu. Amefika nyumba kumi na mbili. Kumi walikuwa wameshapanda lote jana ileile. "Wananiambia, mbona jana ulisema lote?" akasema. Nikamwambia mvua itakuja, asijitie presha.

Tarehe 5 Desemba

Hakuna.

Tarehe 8 Desemba

Hakuna. Rukia anafungua ukurasa wa vipimo kila saa na kuufunga. Ningemkataza ila na mimi nafanya hivyohivyo akitoka.

Tarehe 12 Desemba

Methusela alikwenda Haneti jana. Uwele ulichipua urefu wa kidole ukakauka. "Kama majani ya chai," akasema. Halafu akaniuliza kama wafadhili wamejibu barua pepe.

Tarehe 18 Desemba

Nimekwenda Haneti kumwona mama, nimerudi na kichwa kizito.

Nilimkuta jikoni, na mwanamke mmoja amesimama mlangoni na ungo mtupu. Mama alipanda juu ya kigoda, akakata fungu la masuke juu ya meko, akaliweka kwenye ungo. Mwanamke hakushukuru. Alisema tu, "Tulipanda lote kama ulivyotuambia," akaondoka. Nikatazama juu. Pale palipokuwa peusi kwa masuke mwezi uliopita palibaki kamba na fito.

"Mama, unafanya nini? Hiyo ndiyo nusu yako."

"Ni sauti yangu iliyowaambia."

"Waambie ilikuwa kosa la mitambo!"

"Mitambo haina jina Haneti," akasema. "Mimi ninalo."

Nilimkasirikia. Naandika hivi nikiwa bado nimemkasirikia. Angeweza kunipigia kelele, kunichapa hata, hayo nimeyazoea. Badala yake alinipikia ugali akanitazama nikila, na yeye akasema ameshakula.

Tarehe 22 Desemba

Kikao ofisi ya kijiji. Tuliitwa sote watatu, na mama.

Mzee Batholomeo alisimama wa kwanza. Zamani alikuwa akimwita mama shemeji na kumtania mpaka tunaona haya. Leo alimwita kama mtu asiyemzoea. "Mama Methusela, nakuuliza mbele ya watu. Ile sauti ni yako au si yako?"

"Ni yangu."

"Ulisema lote?"

"Nilisema," mama akajibu. Alisema kweli, maana alilisema, jikoni, kuniridhisha mimi.

Watu wakaguna. Mwanamke mmoja nyuma akasema kwa nguvu kwamba mavuno yajayo masuke yake atajichagulia mwenyewe. Wengine wakaitikia. Mama aliinamisha kichwa, akaanza kuvuta uzi uliochomoka kwenye kanga, anauvuta na kuuvuta.

Hapo Methusela akaruka. Nadhani alitaka kumwokoa mama, hilo nitampa. "Ndugu zangu, mama yetu hana hatia. Ilikuwa hitilafu. Fundi wetu alikosea akatuma ujumbe usio wenyewe."

Macho yote yakahamia kwa Rukia, aliyekaa pembeni na mtandio wake wa kijivu. Mtu akasema kumbe ni huyu wa Kondoa, mwingine akasema hawa wanatutakia njaa mioyoni mwao. Rukia aligeuka akanitazama mimi. Alijua kwamba jina la aliyebonyeza limo ndani ya kompyuta, saa na dakika. Alikuwa na kompyuta hiyo kwenye begi miguuni. Alinipa muda wa kutosha kabisa, mtu angeweza kunywa maji akamaliza.

Nilitazama viatu vyangu. Vilikuwa na vumbi.

Rukia akasimama. "Naomba radhi, wazazi wangu," akasema. "Kwaherini." Akatoka.

Tarehe 23 Desemba

Nimekuta karatasi juu ya kompyuta yangu, mwandiko wa Rukia. Nywila zote, zimepangwa. Chini: "Usitume bila mvua mbili. Tumia ule wa mama." Begi lake halipo, kikombe chake kimeoshwa na kufunikwa.

Tarehe 25 Desemba

Krismasi. Sikwenda nyumbani. Nilisema nina kazi.

Tarehe 3 Januari

Mvua Haneti. Milimita thelathini na moja. Nimekagua mara nne.

Tarehe 9 Januari

Mvua ya pili, thelathini na nane. Ni mvua yenyewe, ile ya kushuka na kukaa. Uwele ukipandwa wiki hii unavunwa, ukipita hapo ni majani ya ng'ombe. Kanuni ya Rukia imetimia kama alivyoiandika. Saa mbili asubuhi nikatuma ujumbe wa kupanda. Nilituma ule wa mama, wa sekunde hamsini na nane, wenye nusu na meko. Nilijisikia msafi kwa muda wa kama dakika kumi.

Kisha nikafungua taarifa. Kompyuta inaonyesha kila namba ilisikiliza kwa muda gani. Novemba karibu wote walisikiliza mpaka mwisho. Leo: sekunde tatu. Tatu. Nne. Mbili. Tatu. Ni muda wa kusema "Mbukwenyi, mimi ni Mama" na mtu kukata. Nikateremsha ukurasa mpaka kidole kikauma. Mia sita na thelathini na tisa wamekata. Mvua ya kweli imekuja, sauti ya kweli imewaambia, na wameitupa.

Namba moja ilisikiliza zote hamsini na nane. Ilikuwa ya mama.

Nikampigia.

"Nimesikia," akasema. "Safari hii umeweka ule wangu."

"Ndiyo, mama."

"Nilikuwa nimeongea vizuri."

"Ndiyo, mama."

"Inaniambia nipande nusu." Nikasikia mvua kwenye bati la jikoni kwake. "Nusu ya nini, Anitha?"

Nikamwambia kesho nakuja na mbegu.

Tarehe 10 Januari

Sikwenda. Wafadhili waliita ghafla, ofisi ya mjini, tusaini. Wametukubali. Miaka miwili! Methusela alinikumbatia mpaka kalamu ikanichoma. Walionyesha picha ya mama na kitenge chake, kubwa ukutani. Taarifa ya jana hawakuiomba, na sisi hatukuitoa.

Wanataka tuanze na Kondoa. Kwa Kirangi, lugha ya kina Rukia. Tukiwa kwenye ngazi Methusela akasema, "Tutafute mama mwingine, wa Kolo. Mpigie Rukia, mama yake anafaa."

"Unajua Rukia tulimfanya nini?"

"Mpigie wewe. Mlikuwa marafiki."

Nikampigia kweli. Naandika hili ili siku moja nisijidanganye: nilisimama kwenye ngazi za watu nikampigia. Alipokea, nikasikia muungurumo wa basi na konda akipiga kelele. "Rukia, ni mimi Anitha," nikasema. Akakata. Nilitazama skrini ya simu. Sekunde tatu.

Tarehe 12 Januari, Haneti

Nimefika leo, nimechelewa siku mbili, na mfuko wa mbegu za dukani wenye picha ya suke kubwa. Nikauweka mlangoni kwa jiko. Mama hakuwemo. Alikuwa shambani, miguu imejaa tope, anachimba shimo kwa jembe, anatupia, anafukia kwa unyayo. Kiunoni alikuwa na kibuyu cha mbegu.

"Shikamoo, mama. Mbegu umepata wapi?"

"Marahaba. Rukia alisikia nimegawa mbegu, akaja juzi kwa basi, na mafungu sita ya masuke ya kwao. Aliyafunga kwa kamba za katani kama mtu mzima. Matatu tuliyapura pamoja."

Nilisimama pale. Tope lilikuwa linaingia kwenye viatu vyangu vya ofisini.

"Na hao majirani?" nikauliza, ili niseme kitu.

"Hawapandi. Nikipita nawaambia pandeni, wanafunga mlango." Akachimba shimo lingine. "Anitha, nataka kukuuliza, unijibu. Siku ile ya wageni, nani aliyetuma ule mfupi?"

Siku arobaini na sita nilikuwa nimelingoja swali hilo. Nilikuwa na jibu tayari, nimelisema kitandani mara nyingi, lina machozi na magoti ndani yake. Mama alikuwa amesimama na jembe, anangoja, si kwa ukali. Nikamtazama machoni.

"Ni Rukia, mama," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyeletewa mzigo aliouagiza.

"Nilimwuliza na yeye swali hilohilo," akasema. "Akasema ni yeye. Lakini alishindwa kuniangalia, akawa anakunja ncha ya mtandio. Nikajua amedanganya, na nikajua anamficha nani." Akainama, akatupia mbegu, akafukia. "Wewe umeniangalia vizuri tu."

Nilisema mama. Nilisema mara mbili au tatu. Hakuwa amenikasirikia, angekuwa amekasirika ningejua pa kuanzia. Aliendelea na mstari wake, shimo, mbegu, unyayo, na mimi nikimfuata nyuma bila jembe, bila kazi. Alipofika katikati ya shamba, pale kwenye kisiki, akasimama. Akakung'uta mikono, akapita pembeni yangu akaenda jikoni. Niliposogea nilimwona amepanda juu ya kigoda, anafunga kwenye fito mafungu matatu yaliyobaki.

Mfuko wangu ulikuwa palepale mlangoni. Kuku walikuwa wameshautoboa na mbegu zinamwagika, na si mimi wala yeye aliyewafukuza.